Maoni Juu ya Gemu ya Nne

Huduma ile ilikuwa hivi: ukilipia usajili, kila mwanzo wa mwezi unapewa gemu tatu za bure, ucheze mpaka uchoke. Mwezi huo mwokaji mikate aliwasha televisheni akakuta nne.

Hakushtuka. Mtu aliyekesha mbele ya tanuri hana nguvu za kushtukia kitu cha bure. Alikuwa ametoka zamu, amepishana mlangoni na mkewe, fundi cherehani, anayekwenda kazini. Walikuwa wameachiana "haya" na "haya" yao ya kila asubuhi, na usingizi, kama kawaida yake, ulikuwa umemkataa. Hapo ndipo alipokuwa akicheza, na akishacheza anaandika maoni. Wachezaji wenzake walimwita Chumvi kwa sababu hajawahi kusifu kitu. Gemu hii inakwamakwama, ile haina kichwa wala miguu, hii nyingine wanaigawa kwa kuwa imewadodea. Kazini msimamizi hakuwahi kumwuliza anaonaje. Nyumbani yeye hoi na mkewe hoi, na maneno yao yalikwisha zamani bila ugomvi wowote. Maoni yake yote ya maisha aliyamalizia kwenye gemu za watu.

Ile ya nne haikuwa na jina. Ilikuwa nyumba tu, nawe unatembea ndani, na sebuleni kuna mtu amekupa mgongo. Chumvi akaandika: "Ndiyo maana ni ya bure. Nyumba haina hata kiti cha maana. Huyo mtu akitembea, nyayo hazisikiki. Nyota moja."

Kesho yake nyumba ilikuwa na viti. Kimoja mguu wake ulikuwa umefungwa kwa waya, kama kile alichokalia yeye. Chini ya maoni yake palikuwa na maneno mawili: Bado nini?

Ukweli usemwe, alifurahi. Miaka yote ile ya kulalamika, na leo kuna mtu amesoma, amerekebisha, na bado anauliza.

"Jana usiku ulirudi kuchukua nini?" mkewe alimwuliza walipopishana mlangoni.

"Sijarudi."

"Nimesikia miguu yako sebuleni. Unavyoiburuta."

"Umeota," alisema, akaingia ndani. Hakufikiria zaidi ya hapo. Aliwasha, akatazama, akaandika kwamba nyumba isiyo na harufu ya mtu si nyumba.

Asubuhi ya pili yake aliingia chumbani moja kwa moja, amechoka kupita kiasi. Kitanda kilikuwa na shuka safi, bado zina mikunjo ya pasi, ila upande wake yeye palikuwa na bonde la mwili. Alipolaza mkono pale pakawa pana joto, na alipoinamisha uso ikampanda puani harufu ya hamira na jasho na unga ulioungua, harufu yake mwenyewe, mbichi, kana kwamba mwenye harufu hiyo ameamka pale muda huohuo, akapita kando yake mlangoni na yeye asimwone.

Aliapa hataandika tena. Lakini maneno yale yalimngoja kwenye kioo cha televisheni, Bado nini?, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimwuliza. Vidole vikaandika: "Mtu mwenyewe anakaa kama gogo. Hacheki. Hamwulizi mwenzake hata ameshindaje."

Asubuhi iliyofuata mkewe hakukimbilia kazini. Alisimama, akamnyoosha kola.

"Asante kwa jana," alisema kwa sauti ya chini. "Ulivyokaa ukanisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilishajua umenichoka."

Alitaka kumwambia. Lakini uso wa mkewe ulikuwa umechangamka, uso aliokuwa ameusahau, na aliona aibu kusema kwamba hakuwa yeye. Akaguna tu. Siku hiyo hakulala. Alikwenda kwa mganga.

Mganga alikuwa mama wa makamo, akamsikiliza huku akikunja nguo alizofua. Alipofika kwenye yale maneno mawili, mikono ikasimama.

"Ulikuwa unamjibu?"

"Nilikuwa natoa maoni, mama."

"Hilo ni jini, mwanangu. Limetaka kuwa mtu, wewe ukaliambia pa kurekebisha." Akashusha sauti, akatazama dirishani. "Usilijibu tena kitu. Usajili ukate. Lakini kwanza mwambie mkeo, leo hii, kabla halijamwambia lenyewe."

Alirudi akakata usajili. Gemu zote za bure zikapigwa alama ya kufuli, moja baada ya nyingine. Ile ya nne haikufungwa. Akang'oa waya wa televisheni ukutani, akakaa kwenye kiti chake kibovu mpaka jioni mkewe alipoingia, akiimba kidogo chini kwa chini.

"Mke wangu, kuna jambo."

"Niambie."

Nje, gari la wafanyakazi lilipiga honi. Jambo lenyewe lilikuwa refu, naye alikuwa hajalala. Waya ameshaung'oa, alijiambia.

"Asubuhi," alisema.

"Si utaniambia tu ukija usiku?" mkewe alijibu, anatabasamu.

Honi ikalia tena. Akaondoka.

Asubuhi ufunguo ulizunguka lakini mlango haukusogea. Ulikuwa umekomewa kwa ndani. Alisimama pale na mkate wa moto kwapani, akamsikia mkewe anacheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu wahamie nyumba ile, na sauti ya mwanamume ikimsimulia habari ya msimamizi aliyeteleza juu ya unga, habari iliyotokea usiku huohuo na ambayo Chumvi hakuwa amemwambia mtu, tena ikisimuliwa vizuri kuliko ambavyo angeisimulia yeye.

Akagonga. Kicheko kikakatika.

"Nani?"

"Mimi. Fungua, mke wangu."

Mkewe akanong'ona, na hakuwa akinong'ona naye. "Kimekuja. Kama ulivyoniambia. Sauti yako kabisa, ila kimechoka."

"Usiogope," sauti ya Chumvi ikamjibu kutoka ndani, kwa upole. "Usikijibu tu."

Alitafuta neno moja la kumthibitishia, kitu walichozungumza wawili tu, mwaka huu, mwaka jana. Alitafuta sana. Alipata "haya" na "haya".

Mkate ulianza kupoa. Akapiga goti, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Bado nini?" aliuliza.

Ndani hakuna aliyemjibu.