Blanketi la Pointi

Baridi ilikuwa imebaki palepale, na hilo ndilo lililomshangaza Kicheko.

Kabla ya ukarabati, kaunta yake ilikuwa ubavuni mwa mafriji ya maziwa, na supamaketi nzima ilijua kwamba anayekaa pale huvaa sweta hata jua liwake vipi. Sasa mafundi walikuwa wameng'oa vigae vya zamani, wakachimba sakafu kupitisha nyaya, wakayahamishia mafriji nyuma kabisa kwenye nyama. Taa mpya zinameremeta, mabango ya kadi mpya za pointi yananing'inia, kila kona inanukia rangi. Kaunta ya Kicheko peke yake ilinukia kafuri. Na vidole vyake vilikufa ganzi juu ya mashine.

"Wewe, mbona unatetemeka kama bibi harusi?" akamtania keshia wa jirani, yule waliyemwita Mdomo.

"Husikii baridi?"

"Baridi ya wapi, shoga? Mimi jasho linanitoka hadi kwenye nyusi!"

Kicheko hakucheka, naye jina hilo alipewa na wateja kwa kuwa hakujua kununa. Harufu ile aliijua. Yalikuwa mafuta ya kifua ya Bibi Baridi.

Bibi Baridi alikuwa mteja wa miaka mingi, mwembamba kama uzi, akipita kwenye maziwa meno yanagongana. Kusoma hajui, na kadi yake ya pointi aliogopa kuipoteza, basi akaiacha kwenye droo ya Kicheko. Wengi walifanya hivyo. Makeshia walizifunga kadi za watu kwa mpira, mwenyewe akija kununua, wanaipitisha. Na kila akija, bibi huyo aliuliza neno lile lile:

"Mwanangu, zimefika?"

"Bado kidogo, bibi."

Pointi zikitosha, alikuwa anataka kuchukua blanketi, lile zito la maua lililokaa juu kwenye rafu ya zawadi. Wengine walichukua masufuria, wengine pasi. Yeye macho yake yalikuwa hapo tu.

Halafu meneja akatangaza: kadi za zamani zinakufa mwisho wa wiki, pointi ambazo hazijatumika zimekwenda na maji. Bibi Baridi alikuwa hajaonekana kitambo. Kicheko akaipitisha kadi kwenye mashine, akaona pointi zilitimia tangu manunuzi yake ya mwisho. Zitapotea bure, akajiambia, na mimi nina mtoto mdogo nyumbani. Akalichukua blanketi.

Siku ya mwisho, kabla duka halijafungwa kwa ukarabati, bibi huyo akaingia na mkongojo, mfuko mkubwa ameukunja kwapani.

"Nilikuwa nimelazwa, mwanangu. Zimefika?"

Kicheko angeweza kusema: bibi, nimelichukua mimi, kesho nitalirudisha. Lilikuwa neno jepesi tu. Badala yake akasema, "Kompyuta imezifuta, bibi. Mambo ya ukarabati haya."

Bibi akaitazama kompyuta, wala hakukasirika. "Haina kosa," akasema. "Yenyewe haisikii baridi." Akaukunja mfuko wake vizuri, akatoka.

Sasa, mchana wa pili baada ya kufungua upya, foleni imejaa, Kicheko anapitisha soda za baba mmoja mnene, akasikia nyuma ya yule baba sauti ndogo, imechoka: "Zimefika?" Akachungulia. Nyuma ya yule baba hapakuwa na mtu.

"Umesikia?" akamnong'oneza Mdomo.

"Nimesikia nini? Usinitishe, mwenzio nina presha."

Na asubuhi moja, milango haijafunguliwa bado, wenzake wako stoo wanabadilisha nguo, akasikia troli inakuja kutoka kule nyuma kwenye nyama, gurudumu moja linalia, inapita kwenye sabuni, inapita kwenye unga, polepole kama inayosukumwa na mtu mwenye mguu mbovu, na harufu ya kafuri inatangulia mbele yake, na baridi inapanda kutoka chini ya vigae vipya hadi magotini, hadi kiunoni, mpaka troli ikasimama mbele ya kaunta, tupu, na mashine ikalia ti! kama iliyopitishiwa kitu.

Hayo angeyavumilia. Lakini nyumbani mama mkwe alimpokea mlangoni, mtoto begani.

"Mwanangu, huyu mtoto ana nini? Mguse. Hospitali wanasema mzima. Mzima gani wa baridi hivi?"

Mtoto alikuwa na umri wa kuanza kusema, mdomo haufungi siku nzima. Sasa kimya, midomo ya buluu, mwili kama chupa iliyotoka kwenye friji. Walikuwa wamemfunika blanketi la maua. Kicheko akalivuta, akalitupa pembeni, akamkumbatia kifuani. Hakupata joto. Ndipo akalia, akamwambia mama mkwe yote.

"Amekufa yule bibi wa watu," akasema. "Nimemuua mimi, na sasa amekuja kuchukua wangu."

Mama mkwe hakumgombeza. Alimpeleka kwa mganga, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akamfukiza mtoto na kumsikiliza mama yake hadi mwisho.

"Bibi yako hajafa," mganga akasema. "Lile ni jini. Lilikuwa limelala chini ya sakafu ile, mafundi wakaliamsha. Jini likitoka hivyo halina sura, huvaa linachokiokota. Limekuta kosa lako liko wazi, limelivaa. Nenda kwa mwenyewe, useme kwa kinywa chako, upate msamaha kwa kinywa chake. Litabaki uchi, litaondoka."

"Nitakwenda, mama."

"Uende leo. Haya ninayokwambia, nalo limesikia."

Alikusudia kwenda, jamani. Lakini kila alipolikumbuka lile jicho lisilo na hasira, uso ulimwaka kwa aibu. Kesho yake ilikuwa siku ya kuandikisha wateja kadi mpya, meneja hatoi ruhusa, akapata kisingizio. Akaenda kazini, akawaambia watu "karibuni, pointi zenu ziko salama" huku ulimi unamkauka. Akaenda kwa bibi siku iliyofuata, akiulizia nyumba njiani.

Akamkuta kwenye chumba kimoja kisafi, amekaa kitandani. Akapiga magoti, akaweka blanketi miguuni pake.

"Bibi, nilikudanganya. Si kompyuta. Ni mimi."

Bibi akacheka, akamshika bega. "Inuka, mwanangu. Utaomba mara ngapi? Si nilishakusamehe jana?"

"Jana?"

"Ulipokuja, ukapiga magoti hapohapo. Ulikuja mikono mitupu, nikasema haidhuru. Ukalia mpaka nikakuonea huruma. Uliponiomba niseme mtoto ni wako, nilishangaa kidogo, lakini nikakuwekea mkono kichwani, nikasema: mtoto ni wako, nani atakunyang'anya?"

Kicheko hakuaga. Alikimbia njia nzima, kiatu kimoja kikamvuka hakugeuka, anagonga watu mabega, anasema Mungu wangu nilitakiwa kwenda juzi, nilitakiwa kwenda juzi, mpaka akafika mlangoni pumzi zimemwishia.

Mama mkwe alikuwa uani anaanika nguo, uso umejaa furaha. "Umesamehewa, mwanangu! Mtoto amepata joto, anacheza!" Halafu akamtazama vizuri, toka kichwani hadi kwenye mguu ule usio na kiatu, na nguo ikamdondoka mkononi. "Umetokea wapi? Si umo ndani naye?"

Chumbani mtoto alikuwa anacheka kwa kelele, kama zamani.

"Mama!" akaita.

Kicheko akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno, sauti yake mwenyewe, laini, ya furaha, ikaitika kutoka ndani:

"Abee, mwanangu."