Kiti cha Kushoto Nyuma

Jaketi la sita lilikuwa linachuruzika maji, na siku hiyo hakuna mtu aliyelivaa.

Nahodha alisimama mlangoni mwa banda la vifaa, pampu ya mguu ikiwa bado mkononi, akalitazama. Misumari sita ilikuwa imepigiliwa ukutani kwa mpangilio wa viti vya boti, mitatu ya kulia na mitatu ya kushoto. Majaketi matano yalikuwa yamelowa kwa sababu wageni watano walikuwa wameshuka mto asubuhi ile. La sita lilikuwa la mke wake, ambaye huu ulikuwa mchana wake wa nne nyumbani akiuguza bega lililotenguka. Lilining'inia kwenye msumari wake, zito, likidondosha tone moja moja, na chini yake palikuwa pameshafanyika kidimbwi chenye mchanga mweusi wa korongoni.

“Paa linavuja,” alijiambia.

Akatazama juu. Jua lilikuwa linapenya kwenye matundu ya bati. Mvua hawakuiona tangu mwezi uliopita.

Walikuwa na desturi moja katika kazi yao. Kwenye mto ule hakuna aliyeitwa kwa jina. Ukishakanyaga boti la mpira, unaitwa kwa kiti chako: Kulia Mbele, Kushoto Kati, na kuendelea, hadi utakapokanyaga nchi kavu tena. Wageni walipouliza sababu, Nahodha aliwaambia kwamba maji hupiga kelele na majina hufanana, bali kiti ni kimoja. Ilikuwa sababu nzuri, na ya kweli. Sababu ya zamani, waliyokuwa nayo wapiga pondo wa mitumbwi kabla mpira haujafika mtoni, ni kwamba maji yana masikio, na yakishasikia jina hayalisahau. Nahodha hakuiamini wala hakuikana. Aliishika tu, kama mtu anavyofunga mkanda wa helmeti kila siku bila kufikiria jiwe.

Mke wake alikuwa amekaa kiti cha kushoto nyuma kwa miaka kumi na mmoja. Hicho ndicho kiti cha kazi. Nahodha hushika usukani nyuma kabisa, na anayekaa kushoto nyuma ndiye mkono wake wa pili. Jina la kiti likawafuata hadi nyumbani, likawa ndilo jina lao la mapenzi.

“Kushoto Nyuma, chumvi umeificha wapi?”

“Iko mbele ya pua yako, Nahodha. Ingekuwa mwamba, saa hizi tunakunywa maji.”

Ndivyo walivyoishi.

Asubuhi ile wageni walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja waliokuja kupumzika. Watano, kwa hiyo kiti cha kushoto nyuma kilibaki kitupu. Mmoja wao, mtu wa maneno, alipanda akisema, “Nikizama, mwambieni bosi ile ripoti nilishamaliza,” na wenzake wakacheka kwa sababu walijua hakuwa ameianza. Walipita maporomoko ya kwanza wakipiga kelele za furaha. Kisha wakafika mahali panapoitwa Kinu, ambapo mto unajikunja kati ya kuta mbili za mwamba na maji yanazunguka yakitwanga. Kupita Kinu kunahitaji kasia moja la nguvu kutoka kushoto nyuma, kwa wakati wake, si kabla wala baada.

Mdomo wa Nahodha uliita kabla akili haijafika.

“Kushoto Nyuma, vuta!”

Na boti likageuka. Alilisikia mikononi kupitia usukani: pigo moja la kasia, zito, lenye subira, kwa wakati wake hasa. Wakatoka Kinu kama uzi unavyotoka kwenye tundu la sindano.

Baadaye, wageni wakinywa chai ufukoni, yule aliyekaa kulia nyuma, dada mpole wa mapokezi, aliuliza, “Mbona yule mwenzetu hanywi chai?”

“Mwenzenu yupi?” Nahodha aliuliza.

“Yule dada wa mkabala nami. Amelowa chapachapa, maskini, na njia nzima hakutamka neno.”

“Wewe umekunywa maji ya mto,” alisema yule mtu wa maneno, “na yamepanda kichwani.”

Walicheka wote. Dada wa mapokezi alicheka wa mwisho, akiangalia boti.

Jioni Nahodha alifika kwake, akavua viatu kibarazani, akaita kama kawaida, “Kushoto Nyuma, nimerudi!”

Nyuma yake, kwenye ngazi, kitu kikakanyaga. Unyayo mmoja, wa maji, kisha wa pili. Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila harufu ilikuwepo, ya mwamba uliolowa mahali pasipofika jua.

Alimkuta mke wake amekaa kitandani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa shingoni.

“Nimekuita, hukusikia?”

“Nilisikia,” alisema polepole. “Nikadhani unamwita mtu mwingine.”

Kuanzia siku hiyo boti lilishuka mto vizuri kuliko wakati wowote. Nahodha hakuita tena kile kiti, lakini hapakuwa na haja. Pigo lilikuja lenyewe, kila mahali lilipohitajika. Siku moja alimkalisha pale mwalimu mmoja wa michezo, mtu mwenye mabega kama mlango. Hawakufika mbali, mwalimu akasogea katikati, akiwa amejikunyata.

“Vipi, kiti hakijakupendeza?”

“Kiti kina mtu, Nahodha,” mwalimu alinong'ona, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Nyumbani mke alikuwa anapungua. Vidole vyake vilikunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa, na hakuwa amegusa maji. Alikohoa, na kwenye leso kulikuwa na chembe za mchanga mweusi. Daktari wa zahanati alimpima kifua, akamuuliza mara mbili kama alikuwa amezama. Na kila siku ambayo Nahodha alishuka mto, jioni yake alimkuta pumzi imekuwa fupi zaidi, kana kwamba kila kasia lililopigwa kule lilipigwa kwa nguvu zilizochotwa huku. Akaacha kazi. Akafungia boti bandani, akatoa upepo, akalikunja. Lakini mchana wa tatu, wakiwa wamekaa kimya chumbani, wote wawili walisikia chini ya sakafu sauti waliyoijua kuliko sauti zote, ya kasia likiingia majini, likivuta, likitoka, likidondosha matone, na likingoja.

“Nahodha,” mke alinong'ona, “anafanya kazi yangu.”

Yeye alimshika tu ule mkono uliokunjamana. Ulikuwa wa baridi.

Chini ya korongo mto hutulia na kuwa kina kipana chenye rangi ya chupa. Hapo ndipo shangazi yake mke alipokuwa na mtumbwi wake wa gogo moja, ambao aliusukuma kwa pondo akiwavusha wageni waliotaka kupigwa picha. Nahodha alimkuta akiziba ufa kwa kipande cha ndala kuukuu, redio ndogo ikiimba kando ya goti lake. Alimweleza yote. Shangazi alisikiliza bila kuacha kugonga.

“Umeajiri, mwanangu,” alisema mwishowe. “Sasa unashangaa mfanyakazi kuja kazini?”

“Sikumwita yeye, shangazi.”

“Uliita kiti kitupu. Kwenye maji hakuna kitupu.” Akazima redio. “Sikulaumu. Hata mimi mdomo wangu umeshaniponza mara nyingi, ila mimi niliponzwa nchi kavu.”

“Tutafute mganga?”

“Mganga atakuuliza wewe kilipo Kinu. Mimi ni mpiga pondo tu, lakini bibi yangu aliniachia hili. Aliyeingia kwa kiti huondolewa na mwenye kiti. Mwenyewe akae, mahali palepale, na aitwe. Si kwa kiti. Kwa jina lake.”

Nahodha aliyatazama maji. Jina lile, alilopewa mke wake na mama yake, hakuwa amelitamka tangu siku ya ndoa.

“Na maji yatalisikia,” alisema.

“Yatalisikia. Kwa hiyo mkitoka hapo mhame, mwende pakavu. Na usimwite tena kwa jina hilo maisha yako yote, ili siku akiitwa, ajue si wewe. Asiitike. Hilo jina la kiti nalo mlizike.” Akaipangusa patasi yake kwenye kanga. “Ni ghali, najua. Lakini mtu hupewa bei, hapewi sababu.”

Walishuka asubuhi, watatu, Nahodha usukanini, shangazi kulia nyuma na pondo lake ambalo hakukubali kuliacha, na mke akiwa amebebwa mikononi hadi kwenye boti. Alipowekwa kwenye kiti chake alishtuka, akauma mdomo.

“Pana magoti hapa,” alisema kwa sauti ya chini. “Nimekalia magoti ya mtu.”

“Kaa hivyo hivyo,” shangazi alimwambia. “Ni kwako.”

Maporomoko ya kwanza yaliwapitisha kimyakimya, na Nahodha aliona jinsi mke wake alivyoshika kasia kwa mkono mmoja mzima na jinsi kasia lile lilivyozama na kuvuta kwa nguvu ya mikono minne, kisha kuta za Kinu zikasogea, giza la mwamba likawafunika, na ile harufu ikapanda kutoka sakafu ya boti pamoja na maji yaliyoanza kujaa bila wimbi lolote kuingia, maji meusi yaliyompanda mke miguuni, kiunoni, kifuani, yeye peke yake, huku wao wengine wakiwa wakavu, na nywele zisizo zake, ndefu, zilizolowa, zikimshukia begani kutoka nyuma kana kwamba mtu aliyempakata ameinamisha kichwa kumnong'oneza kitu, na midomo ya mke ikaanza kusogea ikijibu, na shangazi akapiga pondo mwambani akipaza sauti, “Sasa, mwanangu, sasa!” na Nahodha akafungua kinywa na kuliita lile jina, lote, kama lilivyoitwa siku ya ndoa.

Mke aligeuza kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa.

“Abee,” alisema, na akavuta kasia.

Boti lilijirusha, jepesi ghafla kama mzigo uliotuliwa. Nyuma yao, ndani ya Kinu, kitu kilianguka majini, kizito kama mtu.

Kwenye kina tulivu mke alikuwa anahema, mikono ina joto. Alikuwa analia na kutabasamu.

“Sikujua kama bado unalikumbuka,” alimwambia mumewe.

Walihama wiki hiyo. Walikwenda mji wa tambarare, mbali, ambako maji huja bombani mara mbili kwa wiki na watu huweka mapipa uani kuyangoja. Nahodha, ambaye maisha yake yote alikuwa ameziba mipira ya boti, alifungua kibanda cha kuziba pancha mkabala na nyumba. Kazi ikaenda vizuri. Mke alinenepa kidogo, akaanza kushona mapazia, akazoeana na majirani. Kikohozi kilikwisha. Mtu angewaona angesema wamepona, na asingekuwa amekosea sana.

Ila Nahodha hakumwita kitu. Alipomhitaji, alisema “wewe”, au “sikia”, au alimfuata hadi alipo na kumgusa bega. Mwanzoni walicheka. Mwezi wa tano tangu wahame, mke hakucheka tena.

“Fundi,” alimwambia usiku mmoja, kwa sababu hata “Nahodha” walikuwa wameliacha, “hata paka wa jirani anaitwa.”

“Unajua sababu.”

“Najua. Nashukuru niko hai.” Akapanga uzi kwenye kopo lake. “Lakini siku ile korongoni uliponiita, unajua, kwa dakika moja sikuogopa kitu chochote.”

Akamshika mkono. Labda palikuwa na jibu, na labda mtu mwingine angelipata. Yeye alijua kuziba tu, na kuziba huhitaji kwanza uone tundu lilipo.

Mwezi wa nane mvua ilinyesha, ya kwanza, mchana kweupe, kubwa kiasi kwamba barabara iligeuka mto mwekundu. Nahodha alikuwa kibandani, amechuchumaa, gundi vidoleni, mpira wa lori magotini. Kupitia mlango wa nyumba uliokuwa wazi alimwona mke wake amesimama jikoni, na nyuma yake mlango wa uani, na uani pipa likipokea maji ya paa, limejaa hadi ukingoni, linafurika.

Kisha akasikia mtu akimwita mke wake. Kwa jina lake, lote. Taratibu, kwa upendo, kama mume anavyomwita mke aliyemkosa muda mrefu. Sauti ilitoka uani, kwenye pipa, na ilikuwa sauti yake yeye.

Mdomo wake ulikuwa umefumba. Aliugusa kwa vidole vya gundi ili ahakikishe.

Jikoni, mke aliweka sufuria chini. Uso wake ulifunguka kama dirisha.

“Abee,” alisema. “Abee, mume wangu, nakuja.” Akageukia uani.

Nahodha aliruka, mpira ukaanguka, akakimbia ndani ya mvua. Maji ya barabarani yalimfika magotini, yakamvuta. Alifungua kinywa amzuie, na jina likaja hadi ulimini. Akaona kwamba akilitamka, zitakuwa sauti mbili zilizo sawa, moja mbele ya mke wake na moja nyuma yake, na ile ya mbele ilikuwa karibu naye zaidi.

“Wewe!” alipiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo. “Wewe! Wewe!”

Majirani watatu walichungulia madirishani. Mke wake hakugeuka.