Samaki wa Kijani, Ukurasa wa Hamsini

Nianze kwa kukiri: siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Chekeni kabisa, mimi mwenyewe nilishamaliza kucheka.

"Neusa! Huyu samaki ni wa nani?!"

Mke wangu akainua macho kitabuni kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Samaki gani?"

"Huyu hapa! Ukurasa wa hamsini!"

Jamani... mimi Adilson, fundi vigae wa hapa mjini Juiz de Fora, Brazili, nilikuwa nimechoka. Miezi minne nyumba yangu inakaliwa na mwanaume mwingine! Bwana mkubwa wa Kiingereza wa miaka mia mbili iliyopita. Ana farasi, ana jumba, na shati lake halijawahi kufungwa kifungo hata kimoja!

Neusa anamsoma kitandani, anamsoma jikoni. Maharage yanaungua.

"Neusa, naongea na wewe."

"Subiri, bwana ndiyo kwanza anamlegezea mchumba wake kamba za gauni."

Nisubiri! Mimi!

Basi Jumamosi ile nikavikagua vitabu vyake. Ukurasa wa hamsini, pembeni chini, nyota ya wino wa buluu. Hiyo naijua, Neusa huichora hata kwenye orodha ya sokoni.

Lakini kando yake... samaki mdogo wa kijani!

Kitabu cha pili, nyota na samaki. Cha tatu... mpaka cha saba!

Na kalamu ya kijani mtaani kwetu anayo nani? Zeferino! Mwenye kibanda cha magazeti, anakokwenda mke wangu kubadilisha vitabu kila wiki. Mjane. Masharubu yamechanwa!

"Kumbe mnaandikiana na Zeferino!"

"Adilson, hiyo ni alama ya..."

"Sitaki kusikia! Kusanya nguo, leo unarudi kwa baba yako!"

Neusa akafunga kitabu. Hakulia.

"Sawa. Ila nikitoka leo, sirudi."

Lakini kiburi nacho kina miguu yake... nikabeba vitabu vyote saba mpaka kibandani, Neusa nyuma yangu na ndala zake. Pale kuna foleni ya akina mama.

"Zeferino! Toka nje!"

Akatoka, anatafuna mkate wa jibini.

"Kuna nini, kaka?"

"Unamchorea mke wangu samaki!"

Akanitazama. Akavuta kitabu kimoja kilichochakaa, akafungua ukurasa wa hamsini. Kikombe, ua, mwezi, ufunguo... alama kama kumi!

"Majalada yote yanafanana, kaka. Kifua wazi, gauni linateleza. Kila mama akimaliza kitabu anaweka alama yake, asije akakiazima mara mbili. Kalamu yangu wanaishika wote. Hivyo vyako ni vipya, wamevipitia wawili tu."

Wasomaji wangu, mkeo akianza sentensi mwache aimalize! Neusa alitaka kuniambia haya haya nyumbani, bila foleni.

"Neusa, nisamehe mke wangu..."

"Zeferino kwanza."

Nikamwomba radhi Zeferino, mbele za watu.

"Haya, twende nyumbani," Neusa akasema. "Na leo maharage unapika wewe."

Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini mimi!

"Sawa... ila huyo samaki ni wa nani?"

Akina mama wote wakaanza kukagua viatu vyao.

"Wangu."

Sauti ile, ndugu zangu, niliisikia kabla sijaota meno. Bi Zulmira, miaka sitini na tisa, mfuko umejaa vitabu. Mama yangu mzazi!

"Mama?! Wewe, unayesoma Neno kanisani kila Jumapili! Unasoma habari za watu kuvuana nguo?!"

Mama akasukuma miwani yake juu ya pua.

"Kwani wewe ulidhani nilikuokota kwenye kapu la sadaka?"