Kunywa Kahawa Yako

Ilianza na harufu ya nywele zilizoungua. Jadaan alikinusa kikombe, akanusa na mkono wa kanzu yake, akamgeukia mwenzake.

"Naif, umechoma nini wewe?"

"Ndevu zako," Naif alicheka. "Nimesuuza birika kwa maji ya moto, basi. Nimeyamwaga kwenye ule ufa."

"Ulisema dasturi?"

"Ah, na wewe bwana! Nimwombe nani ruhusa, mijusi?"

Jadaan aliugeukia ule ufa kwa hofu. Mtoto wa jangwani hufundishwa neno hilo kabla hajajua kumfunga ngamia: maji ya moto hayamwagwi ardhini bila kuwapigia hodi wasioonekana, maana hujui nani kamlaza mwanawe pale. Naif naye alifundishwa. Kichwa chake tu kilikuwa kigumu.

Walikuwa katikati ya korongo, mahali pekee palipowatosha watu wawili na moto mdogo. Kazi yao ilikuwa kuwateremsha watalii humo, na mafuriko yakishapita hutangulia wao kukagua vyuma vya kufungia kamba. Kamba ya juu walikwisha kuivuta, na korongo lile ukishavuta kamba hakuna kurudi, ni kushuka tu. Jadaan hakuogopa kushuka na Naif. Mama yake Naif ndiye aliyemnyonyesha Jadaan alipofiwa na mamaye; walikuwa ndugu wa ziwa moja.

Mara akatokea mzee, kutoka chini. Uso kaufunika kwa kitambaa, nguo zake kavu, na kule chini hakuna njia ila dimbwi la maji ya kifua. Macho ya Jadaan yaliona. Ila ukarimu wa nyumba yao ulikuwa na haraka kuliko macho.

"Karibu, mzee, karibu! Keti."

Akammiminia kahawa. Mzee alikipokea kikombe, akakiweka mchangani, asinywe.

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mgeni akiweka kikombe chini, ana haja, na hatakunywa mpaka apewe. Mwenye akili huuliza kwanza: haja gani? Lakini babu yake Jadaan aliwahi kutoa ngamia wake wa mwisho bila kuuliza, na sifa hiyo ndiyo iliyomlea mjukuu. Sifa, jamani, sifa!

"Kunywa kahawa yako, mzee," Jadaan alisema kwa kujivuna. "Ulilolijia umelipata."

"Umesema?"

"Neno langu ni moja."

Mzee akanywa, na ile harufu ikazidi. "Mwanangu alikuwa amelala kwenye ufa huu," akasema taratibu. "Ameungua uso wote. Namtaka aliyemmwagia."

Birika likamponyoka Naif.

"Nichukue mimi!" Jadaan alimaka.

"Wewe hukumwaga. Wewe umetoa."

Wakapepesa macho, mzee hayupo. Kikombe kilibaki pale, kitupu.

"Umenitoa, ndugu yangu?" Naif alinong'ona.

"Sikujua! Wallahi sikujua! Twende, tushuke haraka, tutoke humu."

Naif alitangulia kwenye genge, akajifunga kitanzi kiunoni, na Jadaan akamshusha polepole, kamba ikimpita viganjani, akimwita kila mara na kila mara Naif akiitika, "Nipo," kisha "nipo" ya mbali kidogo, kisha "nipo" iliyotoka si chini bali ubavuni, ndani ya mwamba, karibu kabisa na sikio lake, na kabla hajajua ageukie wapi kamba ikawa nyepesi. Akaivuta. Fundo halikufunguka wala kitanzi hakikukatika. Kilikuwa kitupu, cha moto, kinanuka nywele.

Jadaan alishuka, akalipekua dimbwi kwa mikono, akalia humo kama mtoto. Watu wa ukoo walikuja, akawasimulia yote, wakatafuta mpaka wakachoka. Hakuna hata kiatu.

Baada ya matanga, Mzee Udeh, babake Naif, akaja hemani kwa Jadaan. Alikaribishwa, akamiminiwa, akakiweka kikombe chini.

Safari hii Jadaan alijua kuuliza. Lakini angemwulizaje baba wa mtu aliyemtoa kwa mdomo wake mwenyewe?

"Kunywa kahawa yako, baba," alisema. "Umepata."

Mzee Udeh akainywa yote kwa mkupuo. "Nishushe kule korongoni. Nina sufuria ya harusi garini, na madebe ya mafuta. Mwanangu alikuwa mmoja. Wao wana watoto wengi."

"Baba, ukilipiza, nao watalipiza."

"Umeshasema nimepata. Au neno lako huwa moja kwa majini tu?"

Likamchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Wakaishusha sufuria kwa kamba mpaka pale pale, wakawasha moto. Mafuta yalipoanza kutoa moshi, mzee alishika sikio moja la sufuria na Jadaan akashika la pili, wote wamejifunga matambara mikononi.

"Sema dasturi, baba," Jadaan alimsihi kwa sauti ya chini. "Walau wakimbie."

"Nani alimpigia mwanangu hodi?"

Wakamimina. Ufa ulikunywa mafuta yote, ukatulia kidogo, kisha vilio vikapanda kutoka ndani, vya watoto, vingi, vikigongana kwenye kuta hata mchanga ukawa unawadondokea kutoka juu, na Mzee Udeh alicheka, alicheka huku machozi yanamtiririka ndevuni, akisema, "Lieni, lieni na nyinyi, lieni kama mama yake anavyolia." Vikafifia kimoja kimoja. Kikabaki kimoja tu, kizito, cha mtu mzima, na Jadaan alikijua kabla hakijatamka neno.

"Baba," kikasema. "Baba, nilikuwa nimelala. Mbona hukupiga hodi?"

Mzee Udeh aliiangalia sufuria. Haikuwa na hata tone.