Alichosema Mshonaji

Kamusi alikuwa jirani yetu, tukitenganishwa na ukuta mmoja tu. Jina hilo alilipata kwa wauguzi wa hospitali ya wagonjwa wa akili, alikofanya kazi ya ukalimani kwa miaka kumi na moja. Daktari mkuu wa pale alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Wagonjwa wengi nao Kiingereza hawakukijua. Kwa hiyo kila asubuhi daktari alikaa upande huu wa meza, mgonjwa upande ule, na Kamusi kwenye kiti cha mbao katikati yao, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule.

Aliipenda kazi yake, na zaidi ya kazi aliyapenda maneno yenyewe. Angekueleza, chai ikipoa mkononi, kwamba Waingereza wana neno kwa kila aina ya kichwa kilichoharibika. Mad ni la mtaani. Insane ni la mahakamani. Lunatic limezeeka, siku hizi ni tusi. Deranged ni la mtu aliyevurugika ndani kama droo iliyopekuliwa na mwizi. Mkewe alimtania kwamba nyumba haina mtoto wala paka, ina wendawazimu wa kwenye karatasi tu.

Jumatatu moja, karibu na saa ya chakula cha mchana, mwanamume mmoja alimleta shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake, kisha yeye akabaki ukumbini. Mama huyo alikuwa mshonaji. Bado alikuwa na uzi mweusi umenasa kwenye mkono wa blauzi. Binti yake wa miaka sita alikuwa amepotea tangu Ijumaa. Watu walikuwa wamemtafuta hadi wakachoka. Asubuhi hiyo walimkuta mama akipanda ukuta wa jirani huku magoti yakivuja damu, wakaona basi, akili imemruka.

"Mwulize ana shida gani," daktari alisema kwa Kiingereza.

Mshonaji hakumtazama daktari. Alimtazama Kamusi.

"Nimechanganyikiwa, kaka yangu," alisema taratibu. "Mwanangu yuko hai, ananiita. Namsikia alfajiri nikiwa bafuni, sauti inatoka kwenye tangi la maji la ile nyumba inayojengwa nyuma ya kwetu. Mafundi wamelifunika na hawajarudi kazini. Shemeji anasema pameshaangaliwa. Hapajaangaliwa. Mwambie mzungu atume mtu akafunue tu."

Sasa, Kamusi alikuwa na neno jipya. Alikuwa amelitoa kwenye kitabu cha daktari wiki mbili nyuma, akalihifadhi kama mtu mwenye suti mpya anayesubiri harusi. Delusion. Imani ya uongo ambayo mtu haiachii hata umwoneshe ushahidi. Njaa nayo ilikuwa inamuuma, na maelezo ya mama yalikuwa marefu.

"She is deranged," alisema. Mvurugiko wa akili. Kisha akaongeza kwamba anasikia sauti, na kwamba ana delusion kuhusu mtoto na maji.

Daktari aliacha kuandika. "Ametaja mahali?"

Kamusi alilisikia swali vizuri. Alisikia pia sahani zikigongana kule kantini.

"Hapana," alijibu. "Ni maneno ya ugonjwa tu."

Daktari akaandika. Muuguzi akaja na sindano. Mshonaji alipoinuliwa alimgeukia Kamusi, akamuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia, dada."

Mafundi walirudi kazini Jumamosi, wakafunua tangi. Humo chini mlikuwa na maji ya mvua yanayofika kwenye vifundo vya miguu, na ndiyo yaliyomweka mtoto hai. Kucha zake zilikuwa zimeisha. Waliomwosha walisema hakuwa amefikisha siku mbili tangu akate roho.

Kamusi alizipata habari hizo Jumapili, kutoka kwa muuguzi, kwenye foleni ya mkate. Alihesabu siku kwa vidole ndani ya mfuko wa suruali. Jumatatu ile mtoto alikuwa hai. Jumanne alikuwa hai. Jumatano alikuwa hai. Alifika nyumbani bila mkate, na mkewe alipomuuliza alisema umekwisha. Hakumwambia mtu mwingine neno. Nani angejua? Chumbani walikuwa watatu, na aliyeelewa lugha zote mbili alikuwa yeye peke yake.

Kesho yake aliingia kazini kama kawaida. Mgonjwa wa kwanza alikuwa seremala mtu mzima, aliyelalamika kwamba mbao zinawaka moto anapozigusa, ilhali hakuna moto. Kamusi alimsikiliza, akamgeukia daktari, akasema kwa Kiingereza safi kwamba mtu huyu anaona visivyokuwepo.

Daktari aliinua uso. "Mtoto wa nani?"

"Mtoto?"

"Umesema mwanangu yuko hai."

Kamusi alicheka kidogo, akaomba radhi, akarudia. Aliyasikia maneno yake mwenyewe masikioni, yamenyooka, neno baada ya neno. Lakini daktari alikuwa amemkazia macho.

"Umerudia," alisema daktari. "Mwanangu yuko hai, yuko kwenye tangi la maji. Nini hii?"

Seremala, ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza, aliinama mbele hadi pumzi yake ikamgusa Kamusi shavuni.

"Huyo mtoto anayesemea kinywani mwako," alinong'ona, "mbona analia?"

Siku ile walisema ni uchovu. Ya pili pia. Lakini ikawa kila mgonjwa akiketi, na Kamusi akitafuta neno la Kiingereza la kumweleza, kilichotoka ni kile kile. Alijaribu mad, neno fupi, herufi tatu tu. Daktari akasikia: wamelifunika. Alijaribu insane. Daktari akasikia: tuma mtu akafunue. Ulimi ukaanza kuwa na ladha ya saruji mbichi. Nyumbani alijifungia bafuni kufanya mazoezi, na mkewe akagonga mlango polepole.

"Baba," alisema, "uko na nani humo?"

"Niko peke yangu."

Mkewe alibandika sikio mlangoni. Kisha akasema, "Basi mwambie anyamaze."

Wiki ya tatu daktari alimweka kando. Hakuwa na hasira. Alimwambia anaweza kumpa likizo, lakini kwanza anataka kujua sentensi ile inatoka wapi. Kamusi alisema ameisoma gazetini. Akatoka nje ya mlango. Alisimama ukumbini, mkono ukutani, wagonjwa wakimpita. Alifikiri juu ya Jumanne ile na Jumatano ile, alivyokula, alivyolala, alivyonyoa ndevu mbele ya kioo huku akipiga mluzi.

Akarudi ndani. Akafunga mlango.

Alisema yote. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu Kiingereza kilimtoka kama alivyokikusudia, na kila neno lilifika. Daktari alivua miwani.

"Nilikuuliza kama ametaja mahali," alisema.

"Uliniuliza."

"Na mimi sikukuuliza mara ya pili," daktari alisema, zaidi kwa nafsi yake. Alivuta faili la mshonaji, akafuta neno moja kwa mistari miwili, akaandika ruhusa ya kwenda nyumbani. "Kamwambie. Mimi siwezi, sina lugha yake. Wewe unayo."

Mshonaji alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, dirisha likiwa nyuma yake. Habari za maziko alipewa na shemeji, na tangu siku hiyo hakuwa amezungumza na mtu. Kamusi alipiga magoti kwenye sakafu ya sementi. Alieleza alichokisikia, alichokisema na alichokificha. Hakujitetea kwa njaa. Aibu ilimzuia hata kuitaja.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakumpiga.

"Alikuwa bado ananiita," alisema. "Hata baada ya kuzikwa. Usiku mmoja nilimsikia hapa hapa, chini ya kitanda. Nikafurahi. Halafu akanyamaza. Nikajua ameniona sina maana, sikumfuata alipoita."

"Alinyamaza lini, dada?"

"Baada ya kuzikwa. Jumatatu ile iliyofuata."

Kamusi alichukua kifurushi cha nguo za mama, wakatembea pamoja hadi getini, jua likiwaka juu ya changarawe.

Mlinzi wa geti alikuwa mzee mchangamfu aliyeandika wote waingiao na kutoka. Wafanyakazi hawakuwa wakisaini. Aliwaandika mwenyewe wakipita. Aligeuza daftari kuelekea upande wa mshonaji.

"Mama atasaini hapa," alisema. "Wewe Kamusi nitakuandika na binti, kama kila siku."

"Binti gani?"

Mlinzi alitabasamu, akidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wake. Akafunua kurasa za nyuma, moja baada ya nyingine. Kamusi, ameingia, na mtoto mmoja. Kamusi, ametoka, na mtoto mmoja. Kurudi nyuma, siku kwa siku, hadi Jumatatu ile ya baada ya maziko.

Mshonaji aliweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Amevaa nini?" alimuuliza mlinzi.

"Gauni la manjano, mama, lenye mifuko miwili. Ila limelowa. Nimekuwa nikitaka kumwambia huyu bwana ambadilishe, mtoto atashikwa na kifua."

Mama alitazama kando ya mguu wa Kamusi, pale ambapo hapakuwa na kitu. Alinyoosha mkono, kiganja juu, namna mama anavyomnyooshea mtoto wakati wa kuvuka barabara. Akangoja. Magari mawili yalipita nje. Akangoja tena.

Halafu akaurudisha mkono, akachukua kifurushi chake, akatoka.

Kamusi hakurudi tena kwenye kazi ile. Siku hizi haongei Kiingereza kabisa, na mkewe hupakua sahani tatu bila kuulizwa. Daftari la getini bado lipo. Mlinzi alinionesha. Kurasa za wiki zile zimevimba na kukunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka, na zilizotangulia na zinazofuata ni nyoofu. Mistari ya mwisho ya siku ile inasomeka vizuri.

Mshonaji, ametoka, peke yake.

Kamusi, ametoka, wawili.