Kikombe Kimoja cha Maji

"Sitaandika," Nyaboth alisema. "Tafuta mtu mwingine."

"Nani mwingine? Wewe ndiye umesoma."

"Darasa la saba tu, mama. Niliacha shule nikuchotee maji kwa sababu kaka Both hayupo. Na aliyemwondoa ndiye unataka nimwandikie barua nzuri."

Mama yake alikohoa. Mahakama ya Lodwar ilikuwa inapitia upya kifungo cha Gatwech, Mnuer kama wao, ambaye miaka saba iliyopita alimpiga Both rungu la kichwa kwenye foleni ya bomba la maji hapa kambini Kakuma. Afisa wa probesheni alikuwa ameeleza kwamba jamaa za marehemu wakiandika kuwa wamesamehe, miaka iliyobaki inaweza kupunguzwa. Mama alikwenda gerezani kumwona kwa macho yake, akarudi akisema Gatwech anawafundisha wafungwa kusoma na hulia akitaja jina la Both.

"Amebadilika, mwanangu."

"Na Both? Yeye amebadilika kuwa nini?"

Mama aligeukia ukuta. Ilikuwa saa sita mchana, na kile kitu kilikuwa kimeanza kunywa.

Kilikuja wiki ile mama aliporudi kutoka Lodwar. Kwanza kikombe cha bati cha Both, kilichoning'inia msumarini miaka yote bila kuguswa, kilikutwa kimelowa. Kisha maji ya mtungini yakaanza kunuka chuma. Awoi, Mturkana aliyewauzia makaa, ambaye hakuwahi kupita bila kuomba maji na kuwatania kwamba chai yao haina nguvu hata ya kumwamsha mbuzi, siku moja alisema "ekipe", yaani pepo mbaya, kwa sauti ndogo, akaliacha gunia nje, na tangu hapo hakuingia tena. Na kila adhuhuri, joto likiwanyamazisha watoto na kuku, lilisikika koo likimeza pale ukutani, likimeza bila kupumua, kama mtu aliyetembea siku tatu jangwani na kufika akiwa tayari amekufa, na kadiri lilivyomeza ndivyo midomo ya mama ilivyopasuka, kwa maana kila tone alilotia kinywani alilitema akisema ni damu.

Nyaboth alimwita mzee wa ngozi ya chui, yule ambaye Wanuer wa kambini humwendea damu inapomwagika. Mzee alinusa mtungi, akamuuliza mama swali moja: kule Lodwar, alikunywa nini na Gatwech?

Mama aliinamisha kichwa. Askari aliwaletea kikombe kimoja cha maji. Gatwech alikunywa nusu, naye akamaliza, ili kijana aone kwamba amesamehewa kweli, kama wanavyofundishwa kanisani.

"Na ulijua," mzee alisema, bila hasira.

Alijua. Aliyeua hanywi chombo kimoja na jamaa za aliyeuawa mpaka achanjwe mkono na damu ya marehemu imtoke. Gatwech hakuwahi kuchanjwa, maana polisi walimchukua siku ileile.

Nyaboth aliomba achanjwe hukohuko gerezani. Mzee alisema hakuna atakayemruhusu aingie na wembe, na tena ni lazima iwe mbele ya nyumba hii.

"Akikaa ndani miaka yake yote?"

"Mama yako hafiki mwezi," mzee alinong'ona.

Nyaboth aliandika siku hiyohiyo. Neno *tumesamehe* alilifuta mara mbili kabla ya kuliacha.

Wiki mbili baadaye Gatwech aliachiliwa. Alifika adhuhuri, mwembamba, mikono ikimtetemeka, akapiga magoti nje bila kuambiwa. Mzee alimchanja kutoka begani hadi kiwiko, na damu ikatoka nyeusi kwanza, nzito, ikinuka chuma kama ule mtungi, na ndani ya nyumba lile koo likaanza kumeza kwa haraka, likakwama, likakoroma, kikombe kikagonga ukuta mara moja, mara mbili, kikaanguka, kisha upepo wenye vumbi ukatoka mlangoni ukapita kati yao wote, na damu ikawa nyekundu kama ya mtu yeyote.

Mama alijaribu tone moja la maji. Akanywa kata nzima, akacheka, akalia.

Nyaboth alifunga jeraha la Gatwech kwa kitambaa, kwa kuwa mzee alimwamuru. Aligundua kwamba mikono ile haikutetemeka tena. Macho ya Gatwech pia yalikuwa yamekauka. Gatwech aliingia akaokota kikombe cha bati, akakigeuzageuza, akakirudisha msumarini, na alipofika mlangoni akageuka kumtazama.

"Miaka saba Both alikaa nami seli moja," alisema polepole. "Nikiinua mkono nimpige mtu, ananitazama. Nikidanganya, ananitazama. Ndiye aliyenifanya mtu mwema, Nyaboth, si jela. Leo ameondoka. Sasa nani atanitazama?"