Breki Inayojua Kabla ya Mguu

Gari dogo la rangi ya machungwa liliteremka mteremko wa Itondwe kwa mwendo wa kilomita mia mbili na nne kwa saa, na dereva wake hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kulizuia. Lilipita bango la mita mia mbili. Likapita la mia na hamsini, mahali ambapo kila dereva mwingine wa siku ile alikuwa ameshakanyaga breki. Likapita la mia. Watu waliokuwa wakizungumza kando ya ukuta wa uwanja wakageuka kutazama. Ndipo pua ya gari ilipoinama ghafla, diski za mbele zikaiva kama makaa, na gari likaikata Kona ya Jiwe kwa utulivu wa mtu anayegeuza chapati.

Atuganile alikuwa ameushika ukuta kwa mikono miwili. Dereva yule alikuwa Lugano, mdogo wake wa tumbo moja.

Miaka ile, katika jiji la Mbeya, hakuna aliyeruhusiwa kushika usukani barabarani. Magari-jiendeshe yalibeba watu na mizigo kutoka Mwanjelwa hadi Uyole bila kugusana, na watoto walivuka barabara bila kutazama huku wala kule, kwa kuwa gari lilisimama lenyewe. Waliopenda kuendesha kwa mikono yao walibaki na Itondwe, uwanja wa mbio uliochongwa ubavuni mwa mlima, ambao Jumamosi mbili za kila mwezi uliwafungulia watu wa kawaida. Wengi walikuja na vigari vidogo vya aina ya Kipanga, vyepesi na vyenye injini kali. Tatizo la Kipanga lilikuwa moja: kilitengenezwa kukimbia kuliko kusimama.

Atuganile alilijua hilo kwa mwili wake. Mwezi uliotangulia, katika mzunguko wa saba, mafuta ya breki ya gari lake yalichemka. Mafuta yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Pedali ilizama hadi sakafuni bila kukuta kitu. Gari lilipita kona, likaingia kwenye changarawe, likasimama hatua moja kutoka kwenye ukuta wa matairi. Tangu hapo alikuwa akiendesha kwa hofu, na kila mara alikanyaga breki mapema mno.

Lugano alikuja ameshika kofia yake, anatabasamu. Shingoni, chini ya kisogo, alikuwa na ukanda mwembamba wa kijivu.

"Umeona, dada?"

"Nimeona. Ulikanyaga saa ngapi?"

"Sikukanyaga. Nilinuia tu."

Akamweleza, ingawa alishamweleza mara nyingi. Kifaa chenyewe kiliitwa breki-hisi. Ubongo ukiamua kukanyaga, amri husafiri kwenye neva hadi mguuni, nao mguu huchukua muda kunyanyuka na kushuka. Ule ukanda huisoma amri pale shingoni, kabla haijafika popote, na kuipeleka moja kwa moja kwenye kalipa zinazobana diski. Muda unaookolewa ni sehemu ya tano ya sekunde. Kwa mwendo ule, sehemu ya tano ya sekunde ni mita kumi na moja.

"Mita kumi na moja," Lugano alisema. "Wewe ulikosa ngapi siku ile?"

Atuganile alikuwa akitazama mkono wa mdogo wake ulioshika kofia. Haukutikisika hata kidogo.

* * *

Fundi Gwakisa alikuwa na karakana nyuma ya uwanja, kati ya mikaratusi. Alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye mazoea ya kupangusa meza kabla ya kuweka kitu juu yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Lugano kaniambia utakuja."

Akamwekea mezani pedi mbili nyeusi na kopo la mafuta. "Hii ndiyo njia ya kwanza. Mafuta yasiyochemka upesi, pedi za mchanganyiko mgumu, na mirija miwili ya kupeleka upepo kwenye diski. Zitapiga kelele, na zikiwa za baridi hazishiki vizuri. Lakini zikishapata moto hazikuachi." Akanyanyua diski pana kama sinia. "Ya pili, diski kubwa na kalipa kubwa. Zinapoza joto vizuri, ila gari linakuwa zito, na itabidi ubadilishe ringi za magurudumu. Kwa Kipanga mimi naona ni kumvisha mtoto koti la babu yake."

"Na ya tatu?"

Gwakisa aligusa kasha la kijivu, hakulifungua. "Ya tatu unaijua."

"Wewe ungefunga ipi?"

"Mimi siendeshi," alisema, akaanza kupangusa tena meza.

Atuganile alikuwa mkaguzi wa breki za lifti katika majengo marefu ya mjini, na kazi hiyo ilimfundisha kuuliza. Akauliza kuhusu ukanda: mtu akiogopa, si ubongo hutoa amri ya kukanyaga mara kumi kabla ya wakati wake? Gwakisa akakiri kwamba hilo ndilo lililowasumbua watengenezaji mwanzoni. Magari yalikuwa yakisimama katikati ya njia kwa sababu ya hofu tu ya dereva. Hivyo wakauongezea ukanda kazi ya pili, ya kuchuja hofu. Ukanda huipooza pale pale inapoanza, ili amri ya kweli ipite peke yake.

"Na ukiuvua?"

"Wanasema inarudi."

Atuganile akakubali kuujaribu kwenye gari la Lugano, mizunguko mitatu.

Katika mzunguko wa kwanza hakuhisi kitu. Katika wa pili aligundua kwamba hicho ndicho alichokuwa akihisi. Bango la mia na hamsini lilipita, naye akalisoma kama mtu anayesoma jina la duka. Aliiona Kona ya Jiwe ikija, aliuona ukuta wa matairi, aliikumbuka changarawe, na vyote vilikuwa mbali naye kama habari za nchi nyingine. Alinuia, gari likashika. Alipoteremka alikuwa anacheka, na Lugano alimkumbatia.

"Hivi ndivyo ninavyoishi," Lugano alisema.

* * *

Jumatatu, Atuganile alikuwa ghorofa ya thelathini ya jengo moja la Mwanjelwa, ameinama ndani ya shimo la lifti kukagua kebo. Alifanya kazi robo saa nzima. Aliponyoosha mgongo akauona mkanda wake wa usalama umelala sakafuni, ndoano yake haijafungwa mahali popote.

Akatazama chini ya shimo. Lilikuwa jeusi, halina mwisho. Alijua kwamba mtu akianguka humo hatafika mzima. Alilijua hilo kama anavyojua kwamba mbili na mbili ni nne, na halikumgusa. Akafunga ndoano kwa sababu ndiyo kanuni, akaendelea na kebo.

Hofu ilimrudia Jumatano, akiwa jikoni anaosha sufuria. Ilikuja yote kwa mkupuo. Akakaa sakafuni na mikono ya povu, akaliona lile shimo tena na tena, na kila alipoliona alikuwa amekwisha kuanguka. Alitetemeka hadi maji ya bombani yakafurika nje ya sinki.

Alipoweza kufikiri, alifikiri jambo moja tu. Yeye alivaa ukanda kwa mizunguko mitatu, na hofu ikampotea siku nne. Lugano alikuwa akiuvaa kwa miezi saba.

Akavaa viatu bila kujifuta mikono, akaita gari-jiendeshe.

Lugano aliishi ghorofa ya kumi na nne, na mlango haukuwa umefungwa. Atuganile alipita sebuleni akamwona mdogo wake amekaa kwenye kiti cha barazani, anakunywa chai, uso umetulia. Mbele yake, juu ya ukuta wa baraza, ukuta usiozidi upana wa kiganja cha mtu mzima, bintiye Bupe wa miaka minne alikuwa akitembea na mikono ameinyoosha pembeni.

Atuganile alijua kwamba akipiga kelele mtoto atageuka.

"Bupe," alisema polepole, kama anayeimba. "Shangazi amekuja. Hebu kaa hapo hapo ulipo. Kaa, mama."

Mtoto akasimama. Upepo ukampeperusha gauni. Akainama, akashika ukuta, akakaa, miguu yote miwili ikining'inia upande wa nje.

Kutoka mlangoni hadi ukutani zilikuwa hatua sita. Atuganile hakukumbuka baadaye jinsi alivyozipiga. Alikumbuka tu kitambaa cha gauni ndani ya ngumi yake, kisha uzito wa mtoto kifuani, na harufu ya maziwa nyweleni mwake. Akaanguka naye chini ya ukuta, akamkumbatia hadi mtoto akalalamika kwamba anamwumiza.

"Anajua kujibalansi," Lugano alisema. "Nimekuwa nikimtazama."

"Lugano, angeanguka."

"Ndiyo. Ghorofa kumi na nne." Akaweka kikombe chini. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka neno. "Najua, dada. Usifikiri sijui. Nilikaa hapa nikahesabu angefika chini baada ya sekunde ngapi. Halinifikii. Nalisubiri linifikie, halifiki."

"Na hukumtoa?"

"Hakuna kilichoninyanyua kitini."

Sekela, mke wa Lugano, aliporudi kutoka kazini aliwakuta bado wamekaa sakafuni. Alimchukua mtoto, akaufunga mlango wa baraza kwa ufunguo, na ufunguo akautia kifuani. Kisha akakaa karibu na Atuganile.

"Juzi alimwacha acheze na jiko," alisema kwa sauti ya chini. "Wiki iliyopita alimwachia kisu. Nikigomba ananiangalia kwa upole tu. Wifi, nilidhani ni mimi niliyekuwa mwoga."

* * *

Kesho yake Gwakisa alimsikiliza Atuganile hadi mwisho, kitambaa mkononi, bila kupangusa chochote.

"Nimewafungia watu tisa," alisema.

"Hakuna aliyekuja kulalamika?"

"Wangelalamikaje? Malalamiko huanza na wasiwasi, mwanangu." Akatazama mikono yake. "Mmoja alirudisha ukanda mwaka jana. Mkewe ndiye aliyemlazimisha. Huwa ananipitia hapa. Namuuliza, imerudi? Ananiambia, bado. Ananiambia bila huzuni, na hapo ndipo ninapoogopa mimi."

"Na ukaendelea kuzifunga."

"Nikaendelea," alisema fundi, sauti ikimpungua.

Siku hiyo akalitoa kasha la kijivu mezani, na yeye na Atuganile wakaandika majina ya wale tisa na kuyapeleka kwenye bodi ya uwanja. Bodi ikazuia kanda zote Itondwe hadi uchunguzi ukamilike. Lugano alikabidhi wake bila ubishi. Alisema anaona kwamba ni jambo la busara.

Gari la Atuganile likafungwa pedi ngumu, mafuta mapya na mirija ya upepo.

Miezi mitatu ilipita. Sekela hakumwacha Lugano, lakini hakumwacha na mtoto peke yake. Lugano alijiwekea utaratibu: kabla ya kumruhusu Bupe jambo lolote, alimpigia simu mkewe au dada yake. Amesimama juu ya kiti, hilo linatisha? Ameshika mkasi, hilo linatisha? Wakamjibu kila mara, hata mara ishirini kwa siku, na alitii kila alichoambiwa.

Jumamosi moja aliomba akae kiti cha abiria katika gari la dada yake.

"Niambie hofu inapoanza," alisema, akifunga mkanda.

Wakatoka. Atuganile alipasha pedi joto kwa mizunguko miwili, zikipiga kelele kama milango mibovu, kisha akaliachia gari mteremkoni. Upepo ukavuma dirishani. Sindano ikapita mia na tisini.

"Bado?" Lugano aliuliza.

"Imeshaanza."

"Wapi?"

"Tumboni. Sasa inapanda. Sasa mikononi."

Bango la mia mbili likapita. Atuganile aliuona ukuta wa matairi na mwili wake wote ukakataa. Akangoja. Lilipofika la mia na hamsini akakanyaga kwa nguvu zake zote, na pedali ikawa ngumu chini ya mguu, ikashika, ikaendelea kushika. Wakaipita kona polepole kuliko kila mtu wa siku ile.

Atuganile alisimamisha gari pembeni. Lugano akamshika kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili juu ya mshipa, akasikiliza mapigo.

"Na siku ile barazani, ulipomwona Bupe," alisema, "ilikuwa hivi?"

"Zaidi ya hivi. Mara nyingi zaidi."

Lugano aliitikia kwa kichwa. Hakuuachia mkono. Usoni hakuwa na chochote, ila macho yake yalikuwa yamekazwa kwenye vidole vya dada yake vilivyokuwa vikitikisika, kama mwanafunzi anayetazama ubao wenye maandishi asiyoweza kuyasoma.

"Twende tena, dada," alisema. "Nataka niikariri."